Kopo Lenye Jina Lao

Tarehe 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na cherehani haikusumbui. Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu.

Unaijua amri mpya: kila kiwanda kipokee mabaki ya bidhaa zake zenye sumu na kuyateketeza kwa usalama, watu waache kuyamwaga mitaroni. Meneja aliniambia niandike tangazo la kiwanda chetu cha rangi. Kwa hofu ya kusahau kitu, nikataja kila sumu ya nyumbani ninayoijua: rangi, mafuta ya kusafishia brashi, dawa ya mende, dawa ya panya, betri. Jambo moja tu sikuliandika, kwamba tunapokea vya kwetu pekee. Meneja aliniamini, akatia sahihi bila kusoma, likabandikwa mji mzima.

Sasa mji mzima uko getini kwetu. Wanacheka, wanatushukuru, wanatuombea dua. Mzee mmoja kaleta betri ya lori kwa toroli, akasema imemkalia uvunguni tangu aoe. Nasi tunatengeneza rangi tu. Ua umejaa dawa ya mende ya watu wengine, na wapakiaji wameshaniita Mama Mende.

Bado niko kwenye majaribio ya kazi, Shangazi. Nadhani nitafungasha.

Mwanao mwenye hofu


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umepona, sasa nausahau hadi nikiulizwa. Barua yako imenichekesha mpaka mteja niliyekuwa nampima kiuno akadhani namcheka yeye. Ikabidi nimsomee. Mtaa wote unakujua.

Usifungashe kitu. Waliotengeneza hizo dawa wapo, wana mageti na majina makubwa juu yake. Amri haikuwataja ninyi peke yenu. Mwombe meneja lori, umpelekee kila mtu mzigo wake. Najua utasema huwezi kusema mbele za watu. Shuleni ulikuwa ukilia kabla ya mdahalo, kisha ukishaanza kusema mwalimu anatafuta msaada wa kukunyamazisha.

Andika upesi, la sivyo nitakuja mwenyewe kuonana na huyo meneja.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na tafadhali usije.

Nilimwambia meneja. Nilikwama katikati, akamalizia mwenyewe. Akasema lori nichukue, lakini nikirudi na kopo hata moja nisipitie ofisini, niende nyumbani moja kwa moja.

Jana tukaenda kiwanda cha dawa ya mende. Mlinzi mmoja, jitu la miraba minne, alichungulia kwenye tundu la geti akasema hapo hapapokelewi takataka. Dereva akaanza kugeuza lori. Mimi nikashuka na kopo la dawa yao mkononi.

"Jina hili ni la nani?" nikamuuliza.

"Letu."

"Basi niandikieni kwamba kopo hili si lenu. Nitaibandika karatasi hiyo kwenye kila duka linalouza dawa zenu, wanunuzi wajue."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akamwita mkubwa wake. Kila aliyefika alilitazama kopo, akanitazama mimi, na hakuna aliyetaka kushika kalamu. Wa mwisho, mwenye tai, akapumua kwa nguvu na kuagiza geti lifunguliwe.

Wapakiaji walishusha mzigo huku wakiimba. Dereva alipiga honi njia nzima ya kurudi. Meneja akapanda lori mwenyewe kukagua, akashuka, akaniuliza kiwanda cha betri nitakwenda lini.

Mwanao


Tarehe 26 Machi

Mwanangu,

Nimeshangilia hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Lakini umeandika ukurasa mzima wa geti na honi, jambo lenyewe umeliruka. Kazi unayo au huna?

Shangazi yako


Tarehe 30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukuweka roho juu. Sikuthubutu kuandika kabla ya kuiona barua ya ajira kwa macho yangu, na sasa ninayo. Nimeajiriwa moja kwa moja. Kazi yangu ni kuzunguka na lori, kumrudishia kila mwenye kiwanda kilicho chake. Watu wanaendelea kuleta vyote kwetu, na meneja amekataza tangazo lisirekebishwe, eti limetuletea wateja wa rangi.

Leo tumerudi pale kwenye dawa ya mende. Yule mlinzi alifungua geti lori halijasimama. Akamwambia dereva, "Ingieni, ingieni, ila huyo binti asishuke."

Siku ile ya kopo nilikuwa natetemeka, Shangazi. Yeye hakujua.

Mwanao, Mama Mende