Arobaini ya Somoe

Jumanne, 10 Juni

Chapati za kibandani kwangu zimeisha saa tatu asubuhi. Uji umebaki. Baridi imeanza Nachingwea, lakini leo wateja wamekula chapati na kuondoka bila kukigusa kikombe cha uji. Nikiwa naosha sufuria Mama kapiga simu kutoka Mandawa. Arobaini ya mdogo wangu Somoe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mchumba wangu Rashidi atakuja kutoka Nanganga, na mama yake pia. "Wasije wakasikia habari ya siko seli, Zai. Tuliwaambia homa, na iwe homa." Nikasema sawa. Nimesema haraka mno.

Alhamisi, 12 Juni

Baridi kama hii ndiyo iliyokuwa adui wa Somoe. Miaka ishirini na sita. Viungo vinamuuma mpaka anang'ata kanga, kesho yake yuko kwenye cherehani, amejipaka wanja. Macho yake yalikuwa ya njano. Mteja akishangaa, anajibiwa: "Mimi Mungu kanipa ya dhahabu. Ninyi mmepewa ya kawaida." Mteja anacheka, yeye anaendelea kumpima kiuno.

Nina hasira naye leo. Angekuwa mnyonge kidogo, kazi hii ya kumficha ingekuwa nyepesi.

Jumapili, 15 Juni

Niandike ukweli, hakuna anayesoma.

Siku ya posa tulimfungia chumbani. Si kwa ufunguo, kwa maneno. Mama alimwambia akapumzike, mimi nikashusha pazia. Alikuwa mzima kabisa siku ile. Rashidi alisikia kicheko, akauliza ni nani. Nikasema jirani.

Ugonjwa huu mtoto anaupata kwa baba na mama wote wawili. Nesi alitueleza zamani. Mimi siumwi, lakini naweza kuwa nimeubeba kwenye damu. Sijapima. Naandika kwamba naogopa sindano. Uongo. Naogopa kuachwa. Nina miaka thelathini na moja.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefika Mandawa mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Nimeenda moja kwa moja kwa Bi Esha, mtani wetu. Kesho ndiye atakayemwigiza marehemu: anavaa nguo zake, anatembea mwendo wake, watu wanacheka, matanga yanaisha. Nimemwomba aache mambo ya ugonjwa. Asiguse macho, asivae sweta lake la kila siku, asibebe dumu lake la maji ya kunywa, asicheze ile ngoma yake ya kukaa kwenye kigoda.

Kaniangalia sana. "Sasa mwanangu, mimi nibaki na nini?"

Nikasema aigize ushonaji. Kakubali, ila si kwa moyo.

Jumamosi, 21 Juni



Bi Esha alitoka na gauni la Somoe. Akakaa, akakanyaga cherehani ya hewani, akakata uzi kwa meno. Basi. Watu wakageukiana. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Anaigizwa nani huyo?" Hawa ni watu waliokaa na Somoe maisha yake yote. Bi Esha, ambaye huchekesha hata mashehe, alisimama pale hana la kufanya. Akanitazama mimi.

Nikaona tumemfungia tena chumbani. Safari hii amekufa, hawezi hata kucheka tukamsikia.

Sijui niliinukaje. Nilivaa sweta lake jua likiwaka. Nikabana dumu la lita tano kati ya magoti, nikakaa kwenye kigoda nikacheza kwa mabega na shingo tu, kama yeye siku ambazo miguu ilikataa. Nikapaza sauti: "Siko seli imekamata miguu, mabega haijayaona!" Kila harusi alikuwa akisema hivyo. Akacheka mmoja. Kisha uwanja mzima. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Bi Esha akanipiga mgongoni. "Mwizi wewe, umeniibia kazi!"

Mama yake Rashidi hakucheka. Aliondoka kabla ya pilau. Rashidi akamfuata.

Jumapili, 22 Juni

Mama hasemi nami. Nimelia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumatano, 25 Juni

Nimerudi Nachingwea. Baada ya chapati nimeenda hospitali kutoa damu. Nimemwandikia Rashidi kwenye simu: yule wa siku ya posa hakuwa jirani, alikuwa mdogo wangu. Nimemweleza ugonjwa wenyewe na unavyorithiwa. Nikamwomba radhi.

Hajajibu.

Jumatatu, 30 Juni

Majibu yametoka. Nimebeba.

Nimekaa na karatasi kibandani. Nikiulizwa kama ingekuwa bora Somoe asizaliwe, nasema hapana, tena kwa hasira. Nikiulizwa kama nataka mtoto wangu ang'ate kanga namna ile, nasema hapana vilevile. Majibu yote mawili ni ya kweli na hayasaidiani.

 Chapati za leo nimeziunguza.

Jumanne, 8 Julai

Rashidi kaja leo wateja walipokwisha. Alikuwa na karatasi yake ya hospitali. Ameiweka mezani, nikaisoma. Naye amebeba. Hakuwahi kujua. Mama yake anataka tuachane. Yeye hajasema ndiyo, hajasema hapana, nami sikumsukuma.

Nimemmiminia uji. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini nilimdanganya. Nilijiandaa kuulizwa habari za watoto.

Akasema, "Zai, alikuwaje huyo mdogo wako?"

Nikaanzia alipozaliwa. Adhana ya adhuhuri ilitukuta tumefika Somoe yuko darasa la tatu.