Vazi la Masato Limesimama

Rafiki yangu Mitsu, weka chini hizo nyavu usome.

Kitendawili! Hana mfupa, hana damu, kasimama ghalani kwetu na kitambi chake. Usijisumbue, nakupa jibu: vazi la mpira la kuzamia la mwanangu Masato.

Siku arobaini na tisa za matanga tangu afariki zimekwisha, vitu vyake tumevigawa. Vazi kapewa mdogo wake, Toshiki. Jumamosi anazamia, maji bado ya barafu, na vazi linavuja. Mkwe wangu Chizue akasema, "La mume wangu nitaliziba mwenyewe."

Akalitundika, akaziba mikono kwa chupa tupu, shingo kwa bakuli la supu, akalijaza hewa kwa pampu tuone linapovuja.

Mitsu! Likavimba. Mabega yale yale. Kitambi kile kile!

Akalipaka povu la sabuni taratibu, kama anamwogesha. Goti la kushoto likatoa mapovu. Akapazungushia chaki.

Toshiki akasema, "Shemeji, toa hewa sasa. Gundi haishiki kitu kilichovimba."

"Subiri."

"Shemeji..."

"Nimesema subiri! Muache asimame."

Alisema "asimame", Mitsu. Asimame! Akalikumbatia na sabuni yake yote. Mimi na Toshiki tukatazama sakafu.

Hakuna aliyetoa hewa. Ilitoka yenyewe pale gotini, kidogo kidogo, mabega yakashuka, kitambi kikaisha, mpaka Chizue akabaki ameshika mpira mtupu.

Akajifuta uso kwa mkono wenye povu.

"Toshiki," akasema, "lete gundi."