Gia za Baba Hazibonyezwi

Baba mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha gia ya nyuma ya baiskeli yako, kilichotokea sebuleni kwetu Kitengela baada ya kuugua kutu kwa muda mrefu. Marehemu ameacha cheni moja, ambayo haikulia, maana nayo imeshikana yote.

Mama ndiye amelazimisha mambo. "Hii chuma inakaa hapa kama mgeni," alisema, "na hata chai hainywi. Jumapili isipotoka kwa huu mlango ikiendeshwa, naita mtu wa skrapu." Unamjua. Hatishi bure.

Basi nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja kando ya barabara ya Namanga. Akaizunguka akicheka, kisha akashika gia zako, vile vijiti viwili vya chuma vilivyofungwa kwenye bomba la chini la fremu.

"Madam, hizi ni za wazee. Mtu anatoa mkono kwa usukani akiwa spidi? Wacha nikuwekee za kubonyeza. Ta! Ta! Ta! Hata mtoto ataweza."

Akanipa nishike. Baba, plastiki tupu! Nyepesi kama kifuniko cha soda, inanuka ndara mpya. Juu imeandikwa namba, moja hadi saba, mwendeshaji asije akasahau kuhesabu. Nikamrudishia, nikapangusa mkono kwa sketi.

"Nataka hizo hizo za bomba."

"Za nini, siste? Unafungua makumbusho?"

Ningemwambiaje? Kwamba tukienda Isinya kuchukua maziwa nilikaa kwenye bomba la juu, mbele yako, na mguu wangu ndio uliokuwa ukiziba hizo gia? Upepo wa mbugani ukitupiga vifuani, ulisema tu, "Mguu!" Nauinua, mkono wako unapita, cheni inakwaruza, unarudisha kijiti kidogo, inanyamaza. "Usiangalie," uliniambia. "Sikiza." Baadaye hukuhitaji kusema kitu. Nilisikia pumzi yako ikibadilika, na mguu ukapanda wenyewe. Halafu mtu ananiuzia ta-ta-ta.

Tena alitaka kuniwekea friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma, ya gia saba. Nikamwambia haitaingia, fremu yako ni nyembamba pale nyuma. "Tutaitanua," akasema, na tayari alikuwa ameshika nyundo. Nyundo, Baba! Niliondoka na baiskeli yangu kama mtu anayemtoa mgonjwa kwa mganga.

Kazi nimeifanya mwenyewe. Vijiti nimeviosha kwa mafuta taa. Gia ya nyuma, ile inayohamisha cheni, nimepata ya mtumba, ya chuma, karibu umri wako. Friwili ni ya gia tano kama zamani, ila ile kubwa ina meno zaidi kidogo, kwa ajili ya miinuko. Cheni ni pana, si hizi nyuzi za siku hizi.

Jana niliipindua miguu juu, nikazungusha pedeli kwa mkono, nikavuta kijiti. Ikakwaruza. Nikarudisha kidogo. Ikanyamaza. Jikoni, Mama akaacha kuosha vyombo.

Pumzika kwa amani, Baba. Gia zako ziko mahali pake. Ni mimi, binti yako wa mwisho. Jumapili ni kesho, Mama ameshasogeza viti kutoka mlangoni, na mimi sijui kuendesha baiskeli.