Manjanja ya Kambale

Siku ya tatu ya juma, tarehe 3 mwezi wa kumi, 2001. Butembo.

Wewe Kambale, umekawia wapi? Mwaka muzima tangu tukuzike, hata mu ndoto haukuja. Bajane bengine, babwana babo banarudi, banauliza hata chumvi. Wewe bule. Masomo sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na bamama ba kanisa, nifuate nyimbo. Mimi ninazitumia kukugombeza.

Leo nimechambua maharagi. Kisha kula, mvua ikakuja. Ilipiga manjanja, yale mabati ya nyumba, sana, kama mutu anatembea huko juu. Nikasema ni mvua.

Siku ya tano, tarehe 5.

Kavira, binti yetu, amefika. Kwa miguu, kutoka Beni, katoto mugongoni. Katoto kanaitwa Neema. Huko banapigana. Bwana yake, ule soda, askari wa mbali kule Équateur, mwenye ulikataa hata kunawa naye mikono, alikufa.

Kavira alisimama inje, hakuingia. Anakumbuka maneno yako. Mimi pia. Ulisema ukiwa unakufa, mbele ya ndugu yako Kasereka na katekista: nyumba unaniachia mimi, lakini siku damu ya ule soda italala ndani, inakuwa ya Kasereka.

Nimemunyang'anya mutoto. Nimemuingiza na mikono yangu. Amekula, amelala. Basi sharti nimevunja.

Siku ya posho, tarehe 6.

Umekuja. Si ndoto, nilikuwa nasonga bugali, muchana. Mvua ilianza, na hatua zako juu ya manjanja. Ule muguu wa kushoto wenye ulikuwa unaburuta. Ukapita nyumba yote, ukasimama kabisa juu ya kitanda ya Neema. Kavira alisikia pia. Alimuziba mutoto masikio.

Naogopa. Nimekasirika pia. Mwaka muzima unaninyamazia, kisha unakuja kutisha mutoto?

Siku ya Yenga, tarehe 7.

Kasereka aliningojea ku mulango ya kanisa. Si mutu mubaya. Amekonda. Anasema unamukalia ku kifua, unamuuliza kama iko mwanaume wa kushika neno ao hapana. Nimufukuze Kavira, ao tutoke sisi wote. Nimufukuze aende wapi? Ku barabara ya Beni banaokota maiti. Neema iko na homa.

Siku ya pili ya juma, tarehe 9.

Tumekaa kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Kasereka alieleza sharti yako. Katekista alisema ndiyo, ni vile marehemu alisema. Chef akaniuliza niko na nini ya kusema.

Nilisema: "Mufu anaweka sharti juu ya kitu yake. Kambale aliacha nini? Kiwanja tulinunua na viazi nilibeba na kichwa kutoka Masereka. Miti baba yangu alitupatia. Udongo nilikanda na miguu, nikapiga ukuta na mikono, kama mwanamuke yeyote wa kwetu. Vidole vyangu viko mu ukuta hata leo. Yeye alinunua manjanja. Kasereka, leta ngazi. Beba ya ndugu yako."

Bazee bakacheka. Chef hapana. Akamuuliza Kasereka ukuta alipiga nani. Kasereka alijibu:

"Ni yeye. Maji ya udongo nilikuwa nachota mimi."

Chef akasema basi imekwisha: bwana hawezi kufunga na sharti ukuta wenye haukuwa wake. Kasereka abebe manjanja, aache ingine.

Siku ya ine, tarehe 11.

Kasereka alipanda na nyundo. Kila musumari ulilia. Neema alicheka kuona mawingu mu nyumba. Mimi sikucheka. Manjanja yako yalikuwa mazuri, Kambale. Mvua ya kwanza uliniamsha nisikie, ukasema sasa na sisi ni batu.

Kisha Kasereka mwenyewe alitusaidia kufunika na majani. Jioni alitaka kuniachia janja moja, ya jiko. Nimemurudishia. Sitaki yako hata moja yenye iko na sharti.

Nitakosa ile kelele.

Siku ya Yenga, tarehe 14.

Mvua ya polepole. Majani hayasemi kitu. Homa ya Neema imeshuka, amekula ndizi mbili na kutemea Kavira ya tatu. Nilisikiliza juu. Hakuna mutu. Niliona huzuni, sikufikiri nitaiona.

Kisha ule muguu. Chini, mu matope, karibu na mulango. Ulikohoa kidogo, ukasimama kama mugeni. Sikuinuka, mutoto alikuwa amelala juu yangu.

Ukikuja tena, usipande juu, utaharibu majani. Pitia ku mulango, haufungwi. Pangusa matope. Mutoto anaitwa Neema. Muite jina yake kwanza, kisha ukae.