Nilimwambia Mama Unaumwa

Dada Zai,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo nitasikia tu unanifokea.

Kazi yetu inaendelea. Askari wa Kilosa bado wanafanya mafunzo ya kupeleka habari za msiba, na utafiti wako kapewa mtaalamu mwingine wa saikolojia ya michezo, mpole mno. Anawafundisha kama ulivyokuwa ukiwafundisha wachezaji wako kupiga penati: utulivu unaufanyia mazoezi kwenye kelele. Ila hajui kulia. Wewe ukiigiza mama anayeletewa habari ya msiba ulikuwa unajitupa chini mpaka majirani wa Magomeni ya hapa Kilosa wanakuja kuuliza kuna nini. Askari akibabaika na kusema "amepata ajali kidogo," unanyanyuka, unajikung'uta vumbi, unamwambia, "Rudia. Sema amefariki." Mimi nimekaa pembeni na karatasi ya alama, najizuia kucheka.

Afande Kasimu, yule uliyemwambia arudie kuliko wote, ndiye aliyekuja nyumbani siku gari ulilopanda lilipogongwa na lori huko Mikumi. Alivua kofia, akaniomba nikae, naye akakaa. Akataja jina lako lote. Akasema, "Amefariki." Na mimi, Dada, unajua nilifanya nini? Nilimpa alama. Kichwani, kabla hata chozi halijatoka: amekaa, ametaja jina, hajazunguka. Nikampitisha! Wewe umefunikwa shuka hospitali, mdogo wako anasahihisha. Naona aibu hata kuandika.

Hilo pengine ungenicheka, yakaisha. La pili ndilo linaloniuma.

Nilimpigia simu Mama kule kwake Vidunda. Aliposema haloo tu, yote uliyonifundisha yakanipotea. Nikasema, "Zai anaumwa, amelazwa Mikumi, njoo." Kama watu wote wanavyosema, kama tulivyowakataza askari wasiseme. Basi Mama akakoroga uji wa ulezi, ule unaoupenda, akaujaza kwenye chupa ya chai, akakufungia kanga za kubadilisha, akateremka mlima kwa bodaboda. Njiani akawa ananipigia kuuliza kama umekula chochote. Nami najibu bado. Alipofika Mikumi kwa Shangazi, nilikomwambia apitie kwanza, akakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka, akabaki amesimama na chupa mkononi.

Baada ya kukuzika aliniita chumbani. "Uliponipigia, ulikuwa hujajua?" Nikasema sikujua. Tena nikimtazama usoni.

Sasa nasikia anawasimulia watu kwamba ulifariki yeye akiwa njiani. Kwamba asingekaa kupika uji angekukuta. Kila anayekwenda kumpa pole anaambiwa habari ya ule uji, Dada. Anajilaumu yeye, na mimi nipo huku Kilosa nagawa alama za ukweli kwa watu wazima. Nisamehe. Sijui hata kama nastahili kukuomba hivyo.

Jumamosi napanda Vidunda. Sitapiga simu. Akinifukuza nitaomba pa kulala kwa majirani, asubuhi nirudi tena mlangoni kwake.

Pumzika, Dada yangu. Nakuahidi Mama ataambiwa, na nitamwambia mimi: ulikuwa umeshafariki kabla hajawasha moto, na nilijua.

Mdogo wako,
Hamisi