Maua Yako Kule Juu

Dada yangu mpendwa Mado,

Nakusalimu wewe na wote wa huko Shari. Ulisema kwamba kwa umri wangu sitayafikia maua ya mvua za kwanza, juu ya vilima vya mawe vya Bule. Mama Furaha, mkulima aliyeniongoza, alinyoosha kidole: «Muzee, maua iko kule juu.» Nikamsahihisha: «Sema, maua yako kule juu.» Akacheka sana. «Kama iko yangu, hauwezi piga foto bila kuniomba.» Basi nikamwomba ruhusa kwa adabu, naye akanipa. Picha iliyo upande wa pili wa kadi hii niliipiga mwenyewe. Nilipanda na kushuka bila kushikwa mkono. Uwaonyeshe majirani, nawe Mungu akutunze.

Kaka yako,
Anselme