Nenosiri Lisiloonekana

Mwanangu,

Mlango wa jikoni haulii tena, nimeutia mafuta. Tangu kiharusi kimnyang'anye mama yako sauti, huniandikia, na macho yangu nayo yanazimika. Ndiyo maana ninasakinisha programu ya kusoma kwa sauti anachochapa, katika Linux, ule mfumo uliotuwekea kwenye kompyuta. Kila kifurushi cha programu hudai vingine, kama mgeni ajaye na ukoo mzima. Nilipochapa nenosiri sikuona hata nukta. Nikadhani nimeshapofuka, nikalia. Fundi niliyemwita anisaidie akacheka: “Mzee, hata mimi silioni! Ndivyo linavyofichwa.” Lakini nililokisia lilikataliwa. La kweli unalijua wewe peke yako, na simu zetu hupokei.

Humu kwenye bahasha mna karatasi aliyoandika mama yako jana. Nimeshindwa kuisoma, wala sikutaka mtu baki aisome. Weka hasira kando, uniambie anasemaje.

Baba yako